Kadi Namba Arobaini na Moja

Tulimwita Karani, ingawa hakuna ofisi iliyowahi kumwajiri. Mimi aliniita Mwalimu, ingawa sijawahi kushika chaki isipokuwa ile niliyomwibia mwalimu wa jiografia nikiwa kidato cha pili. Kwa hiyo tulikuwa watu wawili wenye vyeo vya kupeana wenyewe, tumetenganishwa na ua wa minyaa, katika kituo kidogo cha biashara kwenye barabara itokayo Shinyanga kwenda Geita. Kwa miaka mingi hakuna aliyemuumbua mwenzake.

Nasema mapema, ili asiyependa habari nzito aachie hapa hapa. Karani alifungwa kwa sababu ya sentensi moja. Bibi mmoja aliuawa kwa sababu ya sentensi hiyo hiyo. Na sentensi yenyewe niliitunga mimi. Hili la tatu mahakama haikuambiwa.

Kazi yake ilikuwa kuandika barua za watu wasiojua kuandika, na hao walikuwa wengi. Ila hakuziandika kama waandishi wengine, mteja anasema na kalamu inafuata. Yeye alikuwa na sanduku. Lilikuwa la mbao, zamani la baruti, lililotoka kwenye mgodi wa Geita ulipofungwa na watu wakaanza kubeba kila kinachobebeka. Wengine walipata mabati, wengine milango. Nyumba moja hapa kwetu mpaka leo ina mlango ulioandikwa HATARI, na mwenye nyumba ni mpole kuliko kondoo. Karani alipata sanduku. Akaligawanya ndani kwa vibao, vyumba tisa: salamu, ugonjwa, msiba, mahari, ng'ombe, shukrani, mapenzi, madai, na cha tisa alikiita ujirani mbaya.

Katika kila chumba kulikuwa na kadi alizozikata kutoka kwenye lebo za marobota ya pamba. Kila kadi sentensi moja, kwa mwandiko wake wa kulala kidogo kama mtu anayetembea kwenye upepo, na namba kwa wino mwekundu. Palipohitaji jina aliacha nafasi tupu.

Mteja akifika, Karani kwanza aliosha mikono. Kisha alikaa, akafumba macho, akamwacha aseme mpaka achoke. Ndipo alipofungua sanduku na kuchomoa kadi tano, sita, akazipanga juu ya goti na kuzisoma kwa sauti. Namkumbuka mama mmoja aliyekuwa na mtoto kibarua Mwadui, kwenye almasi. Aliongea maneno machache sana.

"Mwambie nipo. Mwambie mbuzi mmoja amekufa. Basi."

Karani akachomoa. "Mwanangu, kila nikisikia lori linapunguza mwendo, moyo wangu hutoka nje kabla yangu."

Yule mama akafuta pua kwa ncha ya kitenge.

"Mayu, umesema hivyo?" Karani akauliza. Alikuwa anauliza kila mara. Hilo lazima niliseme kwa haki yake.

"Sijasema," mama akajibu. "Lakini ndivyo."

Sijasema, lakini ndivyo. Biashara yote ya Karani ilisimama juu ya maneno hayo. Watu walikuja na kilio kisicho na umbo, akawapa umbo, nao wakalitambua kama nguo iliyoshonwa kwa vipimo vyao. Wakishakubali, alinakili barua kwenye karatasi, akajaza majina kwenye nafasi, akamchovya mteja dole gumba. Na chini kabisa, pembeni, kwa herufi ndogo kama chawa, aliandika namba za kadi alizotumia, ili majibu yakija akumbuke alimwambia nani nini. Mbili, tisa, kumi na saba. Kwa mpangilio huo angeweza kuendesha wizara.

Alikuwa na misemo yake. Alisema binadamu hulia kwa namna nane tu, ya tisa ni maigizo. Alisema barua ya mapenzi isizidi ukurasa mmoja, kwa sababu anayependwa husoma mstari wa kwanza na wa mwisho, na wa katikati anausoma mama yake. Alivaa tai siku zote, na miguuni makatambuga ya tairi la lori. Nikamwambia juu yeye ni bwana shauri na chini ni fundi puncha. Akanijibu kwamba mimi juu ni kidato cha nne na chini ni kidato cha nne hicho hicho, kwa maana sijaenda popote nacho.

Ilikuwa kweli. Nilirudi nyumbani na cheti ambacho daraja lake sitalitaja, nikaweka sanduku la shule chini ya kitanda, na toka hapo safari yangu ndefu ilikuwa kisimani. Msimu wa pamba nilishika daftari kwenye mizani ya ushirika, mita mia mbili kutoka kwetu, na jioni nikirudi mama aliniuliza habari za safari.

Kulikuwa na jambo moja lililonifanya nimheshimu Karani kwa moyo wote. Watu walimletea pia barua zao awasomee. Yeye kwanza aliipitia kimya. Ikiwa na habari ya kifo hakubadilika uso, aliikunja tena polepole na kumwuliza mwenye barua, "Umekula?" Akisema hajala, Karani alimtuma mtu alete ugali na maziwa ya mgando, akamsubiri ale, amalize, anawe. Ndipo asome. Baada ya muda kila mtu alijua maana yake. Ukiulizwa na Karani kama umekula, magoti yanaisha nguvu. Lakini walikula. Sijui kwa nini. Labda mtu aliyekwisha jua anahitaji bado dakika chache za kutoambiwa.

Na kulikuwa na jambo lililonichosha. Watu walisema, "Sanduku limeandika vizuri." Wengine walilishukuru lenyewe, wakaligusa kama ng'ombe mwenye maziwa mengi. Karani aliwaka.

"Sanduku haliandiki! Sanduku ni mbao! Naandika mimi!"

"Sawa Karani, lakini si unachomoa tu?"

"Nachomoa nilichoweka!"

Hapo ndipo nilipomkorofisha siku moja, maana si kila kilichokuwemo alikiweka yeye.

Fundi baiskeli alikuwa amehamia jirani yetu akaja na jogoo asiyejua saa. Aliwika mchana, aliwika alasiri, aliwika mvua ikinyesha. Mama yangu alikuwa mgonjwa, hapati usingizi ila wa kuiba iba, akawa anakonda mbele ya macho yangu. Mimi, kwa kuwa vita vyangu vyote napigana nikiwa nimekaa, nikachukua karatasi ya daftari na kuandika mashtaka kwa mwenyekiti wa kijiji. Nilicheka peke yangu wakati naandika. Nikayapitisha juu ya minyaa, Karani ayasome, acheke na yeye.

Hakucheka. Alisoma mara mbili, akatia kidole kwenye mstari mmoja.

"Tangu jogoo ahamie karibu nasi, nyumba hii haina usingizi, aliyekuwa mzima anakonda, na anayetumaliza tunamjua." Akainua macho. "Mwalimu, hii inatembea yenyewe."

"Inatembea kwenda wapi? Ni jogoo, Karani."

"Jogoo tutamtoa. Tutaacha nafasi."

Wiki hiyo hiyo ikaingia kwenye chumba cha tisa, kwa mwandiko wake, namba arobaini na moja. Karatasi yangu alibaki nayo. Nilivimba kichwa, siwezi kukana. Nilikuwa sijaandika kitu toka mtihani wa mwisho, na sasa sentensi yangu ilikuwa inasafiri kwenye bahasha, inafika Kahama, inafika Geita, inawakera watu nisiowajua. Kila nikiona mteja ametoka na uso wa ugomvi nilipiga kelele juu ya ua, "Arobaini na moja?" Karani aliinua kidole gumba. Nilimwomba aandike jina langu nyuma ya ile kadi, dogo tu, hata kwa penseli. Akakataa.

"Kikishaingia sandukuni ni cha sanduku."

"Si ulisema sanduku ni mbao?"

Akajifanya anatafuta wino.

Kisha akaja Mpiga Taipu. Huyu alikuwa kijana mwenye suruali pana na mashine ya taipu aliyoinunua kutoka ofisi moja iliyofungwa huko huko Geita. Akakaa karibu na kituo cha basi na kuanza kuandika barua zenye herufi zilizosimama kama askari. Watu walizipenda. Siku moja dada mmoja alimletea Karani barua kutoka kwa mumewe machimboni, imepigwa taipu, amsomee. Karani akaanza, akafika mstari wa tatu, akasimama. Akausoma tena. Ilikuwa kadi namba kumi na mbili, neno kwa neno, imerudi nyumbani imevaa nguo mpya. Mstari wa nne ulikuwa namba thelathini. Wa tano namba nane.

"Umekula?" yule dada akamwuliza, maana alimwona amebadilika rangi. Huo ndio mzaha pekee niliowahi kuusikia kwenye lile baraza ambao Karani hakuujibu.

Ikajulikana kwamba Mpiga Taipu alikuwa anawatuma watu kwa Karani waandikiwe, kisha ananakili. Karani akaenda mahakama ya mwanzo. Nusu ya kituo ikamfuata, na hata mimi, kwa mara ya kwanza mwaka ule, nikavuka barabara.

Hakimu alikuwa mtu mzima, mnene, mwenye subira ya mtu anayesikiliza kesi za ng'ombe kila siku.

"Unamshtaki wizi. Ameiba nini?"

"Maneno, mheshimiwa."

"Yako wapi sasa hayo maneno?"

"Anayo."

"Na wewe huna tena?"

"Ninayo, mheshimiwa."

Watu wakacheka. Hakimu akagonga meza, lakini na yeye tumbo lilikuwa linatikisika. "Mzee, mtu akiiba ng'ombe wako, zizi linabaki tupu. Zizi lako limejaa. Nimhukumu huyu kwa lipi?"

Mpiga Taipu naye akasimama. Akasema maneno ni ya waliotia dole gumba. Wao ndio wenye habari, wao ndio wenye uchungu, huyu mzee ni kalamu tu, na kalamu haimiliki barua. Akasema tena kwamba kama kuna wa kulaumiwa basi ni lile sanduku, kwa kuwa kila mtu anajua sanduku ndilo linaloandika. Watu wakapiga makofi.

Karani aliwageukia. Sijamwona vile tena. Tai ilikuwa imekwenda begani.

"Mwenye dole gumba alikuja na nini? Alikuja na kilio! Nani aliyekaa miaka yote hii akipima kilio cha watu kama mtu anayepima pamba? Mtu akisema 'nipo', mimi ndiye niliyejua anamaanisha nini. Yale maneno hayakuwepo duniani, mheshimiwa. Sasa yapo. Niliyatoa mimi. Yote. Yakisifiwa ni yangu, na yakilaaniwa ni yangu."

Hakimu akasema amesikia ipo sheria ya watunga vitabu, ila nakala yake haijafika huku, na hata ingefika hajui kama inahusu lebo za pamba. Lakini jasho ni jasho. Akamtaka Karani aape kwamba sentensi zote zilizomo sandukuni ni kazi yake, na hakuna iliyotungwa na mtu mwingine.

Karani aliapa. Nilikuwa nimekaa benchi la pili. Aliniona, akaapa.

Ikaandikwa, ikapigwa mhuri, naye akaomba nakala, akaibandika ndani ya kifuniko cha sanduku. Mpiga Taipu akahamia kwingine. Mimi nilinuna miezi miwili. Juu ya ua nilimsalimia kama mgeni: "Shikamoo, mtunzi wa yote." Yeye aliitikia marahaba na kuendelea na kazi. Siku moja alisema taratibu, bila kuniangalia, "Mwalimu, ningekutaja, kesi ingeanguka." Ningekubali, ningeyamaliza. Lakini mimi nilitaka jina langu lionekane. Nilikuwa nalitaka kama mtoto anavyotaka kitu kilichoko juu ya kabati, asichokijua ni nini.

Ukafika wakati wa kuhamia vijijini. Watu walioishi kila mmoja kwenye mji wake, na ng'ombe wake na nafasi yake, wakapangwa kwenye mistari, nyumba kwa nyumba. Kwenye mstari wetu akaletwa bibi mmoja, peke yake. Macho yake yalikuwa mekundu. Kila mtu hapa anajua kinachoyafanya macho ya bibi zetu yawe mekundu: kuni ziko mbali, wanapikia kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, na moshi wake unakula macho miaka arobaini. Kila mtu anajua, na kila mtu husahau anapotafuta wa kumlaumu. Alikuja mara moja kwenye ua wangu kuomba kaa la moto. Nilimwita Bibi, akaniita mayu, mama kwa lugha yetu. Nilimpa kaa. Sikumwuliza kitu.

Nyumba ya pili kutoka kwake alikaa Baba Shija. Kiangazi hicho surua ilimchukulia watoto wawili, wakafuatana kabla hajamaliza matanga ya wa kwanza. Alikuja kwa Karani amwandikie mdogo wake, aliyekuwa Geita akiokota marudio, yale mabaki ya mawe yaliyoachwa na mgodi, akiyasaga upya kutafuta dhahabu. Nilikuwa barazani kwangu nachambua mchele. Nilisikia.

"Mwambie watoto wamekwisha. Mwambie aje. Na kuna bibi amehamia hapa jirani. Sina raha naye."

"Kakufanya nini?"

"Hajanifanya kitu. Sina raha tu."

Karani akafumba macho. Nilisikia kadi zikisugua. Akasoma salamu, akasoma msiba, vizuri, polepole, mpaka yule mwanamume akaanza kulia kwa sauti. Kisha akasoma ya mwisho, jina la bibi likiwa limekwisha kaa mahali pake.

"...nyumba hii haina usingizi, aliyekuwa mzima anakonda, na anayetumaliza tunamjua."

Sikupiga kelele "arobaini na moja" safari hii. Angalau hilo. Lakini pia sikusimama. Nitakuwa mkweli zaidi: kwa sekunde moja, nikiwa na ungo mapajani, niliona kwamba inasikika vizuri.

"Umesema hivyo, bhabha?" Karani akauliza.

Baba Shija alikuwa anajifuta machozi. "Hivyo hivyo," akasema.

Mdogo mtu alifika baada ya siku tisa na wenzake wawili. Bibi alikutwa asubuhi kwenye matuta yake ya viazi. Walitumia panga. Sitasema zaidi, maana nilikwenda kuona, mimi nisiyekwenda popote, na tangu siku hiyo nimejua sababu nzuri ya kukaa ndani.

Polisi waliwakamata wale vijana barabarani, na katika mfuko wa koti la mdogo mtu wakakuta barua, na pembeni yake chini, namba: mbili, kumi na tisa, ishirini na mbili, arobaini na moja. Siku hiyo hiyo alasiri wakawa barazani kwa Karani.

Hapa lazima niseme jambo lisilompendeza. Karani yule aliyewagombeza watu miaka yote kwamba sanduku haliandiki, alisimama mbele ya polisi na kusema, "Afande, mimi huchomoa tu. Ni sanduku. Mteja anakubali, natia dole gumba, basi." Sauti yake ilikuwa nyembamba. Nilimsikia kwa masikio yangu, na nilimwonea aibu, mimi niliyekuwa nimejificha nyuma ya minyaa nikishukuru Mungu kwamba nyuma ya ile kadi hakuna jina la mtu.

Afande akafungua kifuniko cha sanduku. Akasoma ile nakala yenye mhuri, iliyobandikwa kwa gundi ya unga. Akaisoma yote, kwa sauti, kama anayejifunza kusoma. Kisha wakalifunga sanduku nyuma ya baiskeli na kuondoka na vyote viwili, sanduku na mwenyewe.

Mahakamani wilayani sikuenda. Nilisema mguu unauma. Mguu ulikuwa mzima. Fundi baiskeli alikwenda, akarudi akanieleza, na hakujua anamweleza nani. Baba Shija aliulizwa kama maneno yale ni yake, akasema, "Sijasema." Hakumalizia. Alisema yeye alisema hana raha, na kutokuwa na raha si kesi. Karani akaulizwa. Mwendesha mashtaka alikuwa na ile nakala mkononi: uliapa kwamba yote ni yako, ulisema yakilaaniwa ni yako. Je, kuna mtu mwingine aliyetunga hii?

"Akasemaje?" nikamwuliza fundi baiskeli.

"Alikaa kimya muda mrefu. Wote tukadhani anatafuta jina. Halafu akasema, 'Hakuna. Ni yangu.'"

Walimpa miaka minne kwa kuchochea. Yaliyowapata wale vijana na Baba Shija ni makubwa kuliko hayo, lakini hiyo ni habari yao. Mama yangu alifariki mwaka uliofuata. Jogoo alikuwa amekwisha liwa zamani. Mimi niliendelea na mizani ya pamba. Watu wakaanza kuniletea barua zao, kwa kuwa mimi ndiye niliyebaki mwenye kalamu, nikawaandikia kile tu walichokisema. "Nipo. Mbuzi amekufa. Basi." Walitoka wamenuna. Walisema Karani alikuwa anajua.

Alipotoka hakurudi kwetu. Alikwenda Didia kwa dada yake, dada ambaye, pamoja na barua zote alizoandika maishani, hakuwahi kumwandikia hata mstari. Nilipata habari kwamba yuko huko na nikakaa nayo miaka miwili. Nilikuwa na sababu: mvua, kiangazi, mizani, mguu. Mwisho nikapanda lori la pamba. Nilifunga mlango, nikarudi kuuangalia, nikafunga tena. Dereva akaniuliza kama nahama nchi.

Nilimkuta amekaa kwenye kivuli cha ukuta anasokota kamba za katani, kazi aliyojifunza gerezani. Hakuwa na tai. Macho yalikuwa yameingia ukungu mweupe, akanitambua kwa sauti.

"Shikamoo, Karani."

"Marahaba. Huyo Mwalimu. Umetoka nyumbani? Basi kuna jambo." Akaendelea kusokota. "Umekula?"

Magoti yangu yakafanya kama ya watu wote. Nikasema sijala. Dada yake akaleta ugali na mgando, nikala mpaka mwisho, nikanawa, naye akanisubiri. Ilikuwa sawa. Habari nilikuwa nayo mimi, lakini anayetakiwa kuisikia nilikuwa mimi pia.

"Kwa nini hukunitaja?"

"Nilikwisha apa mahakama ya kwanza. Ningekutaja, mahakama zote mbili zingeniona mwongo."

"Kwa hiyo haikuwa kwa ajili yangu."

"Ulitaka iwe kwa ajili yako?"

Karani akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Na ile karatasi yako ya jogoo ningeonyesha vipi? Polisi walipogeuka kufunga sanduku, niliitia mdomoni. Ilikuwa na wino mwingi. Unaandika kwa kukandamiza sana, Mwalimu."

Kisha akasema kwamba bibi alikuwa na binti, ameolewa upande wa Kahama. Nikamwuliza amejuaje.

"Alikuwa mteja wangu. Wiki ile aliyohamia, alikuja tumwandikie binti. Nikachomoa namba sita: 'Majirani wamenipokea kama ndugu.' Nikamwuliza, bibi, umesema hivyo? Akasema, 'Sijasema, lakini andika, asiwe na wasiwasi.'" Kamba ikasimama mikononi mwake. "Barua ya mwisho aliyoipata yule binti kutoka kwa mama yake ni hiyo. Niandikie, mimi macho yamekwisha. Lakini sitakupa neno hata moja. Andika ya kwako, uweke jina lako."

Nikaandika hapo hapo, juu ya kigoda. Ilinichukua mpaka jua linapungua. Kila mara mkono ulikimbilia mahali palipolainishwa: nimepokea kwa masikitiko, hiyo ishirini, Mungu ampe subira, hiyo kumi na tisa. Nikakata, nikaandika upya. Niliandika kwamba sentensi iliyomwua mama yake ni yangu, kwamba niliitunga juu ya kuku, kwamba niliisikia ikisomwa na sikuinuka. Nikatia jina langu lote, la kwangu na la baba yangu. Lilionekana. Halikunifurahisha.

Nikamsomea. Alisikiliza amefumba macho kama zamani, ila hakuna alichochomoa.

"Umeacha nafasi mahali?"

Nikaangalia. Katika mstari wa pili nilikuwa nimeandika, "Mama yako, marehemu," na baada yake pakawa peupe, upana wa vidole vitatu. Nilikuwa nimepaacha bila kujua. Niliishi nyumba sita kutoka kwake, nilimpa moto, nilikwenda kumwona amelala kwenye matuta, na jina lake sikulijua. Nililisikia mara moja tu, likisomwa kati ya maneno yangu, na nikawa nasikiliza maneno yangu.

"Nimeacha," nikasema.

"Jaza."

"Silijui, Karani."

Yeye alilijua. Alikuwa ameliandika mara mbili, mara moja kwenye kila barua. Akalitaja taratibu, akinisubiri nimalize kila neno, kama anayempimia mtu pamba.

"Minza," akasema. "Minza ng'wana Luhende."

Nikaandika.